Watalipanua na Nini?

Benchi letu lilitoka kanisani. Walutheri wa mtaa mmoja huku Brooklyn Center, Minnesota, walifunga kanisa lao, wakagawa vyombo, na Margaret, Mkisii mwenye duka, akalibeba kwa pikapu akaliweka dirishani mwa duka lake, kati ya magunia ya unga na friji la samaki. Hita iko chini ya dirisha hilo, basi wakati wa baridi sisi ndio hatutoki. Kijiwe tunakiita Toba. Hajatubu mtu hapo hata siku moja, ila uongo umesemwa mwingi. Mimi wananiita Kamusi, kwa kuwa ni mtu wa Tanga na sivumilii Kiswahili kikivunjwa mbele yangu. Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Nakaa chumbani kwangu, hospitali inapiga, nataja namba yangu badala ya jina, natafsiri, nakata. Nikishakata nimesahau, ndicho kiapo chetu, na kwa simu thelathini kwa siku hata bila kiapo ningesahau. Hayo niyasemayo ni ya Machi 2017, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka na kuacha matope.

Tulikuwa wanaume watatu benchini, na Margaret kaunta. Elkanah, anaitwa Nusu Daktari, anaogesha na kulisha wazee katika nyumba ya wazee kule Maplewood. Thaddée, mtu wa Bukavu, tunamwita Ripoti, kwa sababu kila uongo wake unaanza na "kuna ripoti". Akaingia wa nne, Rigobert wa Uvira, Papa GPS mwenyewe. Ni dereva wa gari linalopeleka wagonjwa kliniki, na hakuna kichochoro cha miji hii miwili pacha asichokijua. Alianza kukaa nasi baada ya Krismasi. Siku hiyo alikuja kwa basi, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

— Saa ngapi? akauliza kabla hajakaa.

— Saba kasoro kumi, nikamwambia.

Margaret akamimina kahawa, akasukuma kopo la sukari upande wake. Rigobert akafunika kikombe kwa kiganja.

— Apana. Bila sukari.

Tukatazamana. Huyu ni mtu wa vijiko vitano.

— Kwani nani amekufa? akauliza Elkanah.

— Bado hajakufa mutu. Rigobert akatoa bahasha mfukoni, imekunjwa mara nne. — Hii ni barua ya tatu ya kliniki ya macho. Mbili za kwanza sikuenda. Leo banasema saa nane na nusu, na kama siendi, basi, banafuta jina. Nimekuja munishauri. Niende ao nisiende?

— Macho yanakuuma? nikauliza.

— Hayaumi.

— Sasa kliniki ya nini?

— Niko na sukari, mwaka wa tisa huu. Munganga wangu njo alinituma kule. (Hiyo njo yao ndiyo ndiye na ndiyo yetu; niliiacha ipite.)

Hapo Thaddée akaweka kikombe chini. Nilijua tumekwisha.

— Mais, lakini niambieni kitu kimoja, akasema. Sukari inaingilia kwa mudomo. Inashuka kwa tumbo. Inatafuta nini kwa macho? Nani aliiita?

Swali lilikuwa zuri kuliko tulivyozoea kutoka kwake, tukanywa kahawa kwanza.

— Inapanda na damu, akasema Elkanah. Damu inaenda kila mahali, bro.

— Kama iko kwa macho, machozi yangekuwa matamu. Kuna ripoti. Tuonje!

Usidhani ni utani. Alinyanyuka, akachukua kitunguu rafuni, akakikata kwa kisu cha Margaret cha kufungulia maboksi, akakiinamia. Machozi yakamtoka. Akayapangusa kwa kidole akalamba.

— Chumvi, akatangaza.

— We mjinga, wewe huna sukari! nikamwambia. Ungeonja ya mgonjwa.

— Papa GPS, lete jicho.

— Toka hapa! akafoka Rigobert.

— Na hicho kitunguu ni chako, utalipa, akasema Margaret kutoka kaunta. Usikirudishe kwa wenzake.

Thaddée hakukata tamaa. Mtu wa kukata tamaa haitwi Ripoti.

— Sawa. Basi ni theluji. Fikirini. Macho yetu yalitengenezewa majani na udongo. Hapa miezi tano jicho inaona weupe, weupe, weupe. Inafikiri ni sukari imemwagika. Inaita damu: kuja uone! Damu inakuja na sukari yake, na ile ya inje, inakuwa nyingi. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? nikamuuliza.

— Inaingia yenyewe.

— Saa ngapi? akauliza Rigobert.

— Saba na dakika tano. Utachosha ulimi, mzee.

Elkanah akajiweka sawa kwenye benchi. Ukimwona amevuta suruali magotini, ujue anataka kufundisha.

— Sikizeni. Mimi wazee wangu nusu yao wako na sukari, na hii kitu nimeisikia. Sukari ikikaa juu miaka mingi ina-damage mishipa ya damu. Ile mikubwa inavumilia. Inaanza na ile midogo midogo, ya figo, ya vidole vya miguu, na ya nyuma ya macho.

— Mushipa ya macho? akashangaa Thaddée. Mushipa ni ya mukono. Ile ya kuinulia gunia.

— Hiyo ni misuli, nikasema.

— Kwetu njo mushipa. Jicho yake iinue nini?

— Na kwetu Tanga, nikasema, ukimwambia mtu ana mshipa bila kueleza wa wapi, watu wanamtazama chini ya kiuno, wakidhani ni ngiri.

Margaret akacheka mpaka akashika kaunta. Rigobert hakucheka.

— Kwa simu ya kliniki walisema mishipa, akasema polepole. Miye nikakaa siku mbili najiuliza, mushipa imefikaje kwa macho.

— Mishipa ya damu, akarudia Elkanah. Kama nywele, tena nyembamba kuliko nywele. Inavuja.

— Kama inavuja, damu iko wapi? Thaddée akamsogelea Rigobert, akamchungulia uso. Miye sioni damu.

— Inavujia ndani.

— Jicho iko na ndani?

Nikaingilia, maana haya nimeyatafsiri mara nyingi mno. Nikawaambia wafikirie mpira wa kumwagilia bustani uliozeeka. Haupasuki siku moja. Kwanza unalainika, unavimba vijipu hapa na pale, unatoka vijasho. Ndivyo mishipa hiyo inavyofanya. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha ya kila unachokiona, na vijasho hivyo vinaulowesha. Mingine inaziba kabisa, utando unakosa damu, jicho linahangaika linaotesha mishipa mipya, na hiyo mipya ni dhaifu zaidi, inachanika inamwaga damu ndani.

— Inaotesha? akasema Margaret. Kama mmea?

— Kama mmea.

— Na haiumi?

— Haiumi, akasema Elkanah. Hapo ndipo imetuweza. Mtu anaona sawa, ana-drive sawa, na huko nyuma kunalowa.

— Macho hayana pazia, akasema Thaddée. Donc, basi, hakuna mahali ugonjwa itajificha.

— Wewe methali zako uzipeleke kwa fundi, nikamwambia.

Margaret alikuja na birika, akasimama nalo mkononi.

— Ngojeni. Kama iko nyuma, na haiumi, na damu haitoki, daktari ataijuaje?

— Anachungulia.

— Anachungulia kupitia wapi?

Elkanah akasema macho si idara yake. Thaddée akasema kuna ripoti kwamba wanapitia sikioni, kwa sababu ukipiga chafya masikio na macho vyote vinasikia. Kisha akabadilisha: wanalitoa jicho, wanaliweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, wanaligeuza, wanaangalia, wanalirudisha, na fundi mzuri hakosei kulia na kushoto.

— Njo pale! akapiga kelele Rigobert, kahawa ikamwagika gotini. Njo pale pananichoma roho! Batapasula. Miye niliambiwa kwa simu. Batanipasula jicho ndiyo baone ndani!

— Nani alikwambia?

— Kliniki walipiga mwezi wa kumi na moja. Mama mumoja anasema Kiingereza, na mukalimani mwanaume anasema Kiswahili. Akasema nitafanyiwa kitu kwa jicho, na nikuje na mutu wa kunirudisha nyumbani. Miye! Miaka sita nawarudisha watu nyumbani! Dereva akiambiwa akuje na mutu wa kumurudisha, maana yake nini? Maana yake hatarudi na macho. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikakata simu. Sikuenda.

Nilikasirika, tena kwa dhati. Kama kuna watu wananiudhi hapa Minnesota ni wakalimani wa kubahatisha.

— Huyo ni kanjanja, nikasema. Kuna watu wanajua Kiswahili cha kuombea chumvi, wanapewa simu za hospitali. Anamtisha mgonjwa, halafu analala usingizi!

— Tum-report, akasema Elkanah.

— Tena leo leo, nikasema.

Mlango ukalia kengele. Akaingia mama mmoja mwembamba mwenye koti kubwa la msaada na buti za kiume, akakung'uta matope. Margaret akamsalimu kwa jina, Mama Nyiraneza. Alitoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwezi wa kwanza, hakuwa na miezi mitatu nchini. Basi lake lilikuwa bado, akaomba akae. Tukasogea. Margaret akampa kahawa, ya mwisho mwisho, yenye machicha.

— Saa ngapi? akauliza Rigobert.

Sikuwahi kujibu. Mama Nyiraneza aliinua uso, akatazama ukutani mbele yetu. Pale pana saa aliyopewa Margaret na kampuni ya mchele. Ni kubwa kama sinia la pilau, na tarakimu zake mtoto angezisoma kutoka barabarani.

— Papa, akasema kwa adabu, saa si ile iko mbele yako?

Jamani. Wanaume watatu wenye akili zao, tulikuwa tumemjibu mtu huyo saa tangu aingie, tena wiki nzima, tukamcheka ana haraka.

— Naona duara, akasema Rigobert. Ndani ya duara kuna inzi.

— Inzi gani?

— Nyeusi. Ndogo. Nikigeuka zinageuka. Zilianza mwezi uliopita. Halafu kwa jicho ya kuume ikashuka kitu kama utando. Thaddée, umesema macho hayana pazia. Yangu iko nayo.

Elkanah alishika kichwa.

— Na una-drive wagonjwa hivyo?

— Apana! Wiki mbili sijagusa gari. Niliwaambia mugongo unauma. Nitaua mutu bure? Lakini mugongo utauma mpaka lini? Nikipasulwa niwe kipofu, kazi imekwisha. Nisipoenda, naona imekwisha vilevile. Njo maana nimewauliza, na ninyi munakata kitunguu.

Thaddée aliangalia viatu vyake. Aibu ilitukaa sote. Mama Nyiraneza ndiye aliyekuwa bado anawaza, amekumbatia kikombe kwa mikono miwili.

— Huyo mutu wa simu alisema "kupasula"? Neno lile lile?

Rigobert akafikiri.

— Apana. Alisema kizuri zaidi, Kiswahili cha Tanzania. Alisema: "Tutapanua jicho lako."

— Kupanua.

— Kupanua. Ni neno moja. Ukipanua nyumba, si unabomoa kwanza ukuta?

— Ndiyo, akakubali Mama Nyiraneza. Lakini alisema watalipanua na nini?

Mimi niliacha kunywa.

Kwa sababu neno hilo nalijua. Nalitumia kila wiki. Daktari anasema kwa Kiingereza neno moja tu, dilate, nami nasema kupanua, nimemaliza, simu inayofuata. Hatukupewa ruhusa ya kuongeza la kwetu; ukisikia moja, toa moja. Ndivyo nilivyofunzwa, na nilikuwa nikijisifu nalo.

— Tupige hiyo kampuni, akasema Elkanah. Uko na namba ya huyo mtu? Huwa wanasema namba.

— Iko. Niliandika kwa bahasha siku ile, nimukumbuke aliyenitia woga. Niliandika kubwa kwa bahasha ya kwanza, nikahamisha kwa hii. Rigobert akanipa bahasha. — Kamusi, soma wewe.

Maandishi yalikuwa ya kalamu nene, ya mtu asiyeona vizuri anapoandika. Mbili, mbili, nane, moja. Ningeweza kusoma tatu, tisa, sita, sifuri. Mwenyewe haoni, Elkanah yuko mwisho wa benchi, nani angejua? Nasema kweli, nilifungua mdomo niseme hivyo.

— Mbili mbili nane moja, nikasema. Ni yangu.

— Yako nini?

— Namba yangu ya kazi. Kanjanja ni mimi.

Nikamrudishia Rigobert bahasha.

— Sikukujua, nikasema. Ulikuwa hujafika hapa Toba, na ulisema ndiyo tatu tu, mdomo ukiwa mbali na simu. Nikakata nikasahau. Papa, hakuna kisu. Ni matone. Wanakutia matone jichoni, kama ya mtoto mwenye macho mekundu. Ile mboni, lile doa jeusi katikati, ndiyo mlango wenyewe. Margaret aliuliza wanachungulia wapi: hapo. Mlango upo, ila ni mdogo, na ukiuwekea taa unazidi kujifunga. Matone yanaupanua saa chache, daktari anaangalia mishipa, basi, unarudi ulivyokuwa. Unarudishwa nyumbani na mtu kwa sababu kwa saa hizo mwanga unakuumiza na huoni vya karibu. Ni hivyo tu.

Elkanah akajipiga kofi la paji la uso.

— Ai! Kumbe ni dilate! Si ungesema dilate! Wazee wangu wanafanyiwa kila mwaka, wanarudi na miwani nyeusi ya plastiki kama maselebu! Mimi nikisikia kupanua nafikiria barabara.

Rigobert hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amenigeukia mimi, uso karibu na wangu, karibu kuliko adabu, nikaelewa kwamba ndipo anaponiona.

— Ulisahau maneno mangapi?

— Mawili. Mboni, na matone.

— Mawili, akasema. Miezi mine.

Nilitaka atukane. Ningeyapokea matusi ya Uvira yote, hata yale nisiyoyaelewa. Hakutukana. Alikunja bahasha mara nne, akairudisha mfukoni, akasimama.

— Uko na gari?

— Iko nje.

— Basi wewe njo mutu wa kunirudisha nyumbani.

Margaret aligeuza birika, halikutoa hata tone. Thaddée alivua kofia yake ya manyoya, ile asiyoivua hata kanisani, akamvika Rigobert bila kusema kuna ripoti yoyote. Mama Nyiraneza akasema Mungu atangulie, kisha akauliza kama matone yanachoma. Nikamwambia kidogo, kama sabuni, kwa dakika moja. Akatikisa kichwa, akasema hilo nalo lisemwe kwa simu.

Ndani ya gari niliwasha ramani ya simu. Rigobert akaizima kwa kidole.

— Miye ni nani? akasema. Enda mbele. Taa ya pili, kuume.

Tukaenda. Matope yalikuwa yakirukia kioo, vifutio vinafuta. Tukakamata barabara kubwa.

— Kamusi. Miezi mine ni mingi kwa jicho?

Nimetafsiri madaktari wa macho mara mia. Najua wanachoma mishipa inayovuja kwa mwanga, najua wanapiga sindano ndogo, najua wanasema afadhali mapema.

— Sijui, Papa.

— Sawa. Toka kwa njia ya tatu, si ile kubwa. Ile yenye kanisa kushoto.

Nilipogeuka kumwangalia, alikuwa amefumba macho yote mawili. Alinielekeza hivyo njia nzima, kona kwa kona, hakukosea hata moja. Tulipoegesha, nilimwambia ni saa nane na dakika ishirini kabla hajaniuliza.